Mwaka mmoja na Shaaban Robert: jinsi ya kuendesha chama cha wasomaji Nairobi

Vyama vingi vya kusoma vitabu Nairobi huishia mkutano wa tatu au wa nne. Watu wamekuja, wamesikiliza hotuba, wamepiga picha, na hakuna aliyefungua kitabu. Mwongozo huu ni wa kundi linalotaka kumsoma mwandishi mmoja kwa mwaka mzima, naye ni Shaaban Robert, na umejengwa juu ya kanuni moja tu: katika kila mkutano kitabu kisomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kutoa maoni. Ukumbi, michango, chai, sherehe na safari ya Tanga vipangwe kuizunguka nusu saa hiyo ya kusoma.

Kwa kundi linaloanza ni vigumu kumpata mwandishi anayefaa kuliko Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, akafariki Juni 1962. Hadithi zake ni fupi. Kusadikika ilitoka 1951, Adili na Nduguze 1952, na Kufikirika na Utubora Mkulima zikachapishwa baada ya kifo chake. Mtu mwenye kazi, watoto na safari ya saa mbili kwenye matatu anaweza kuzimaliza. Tena karibu kila aliyepita shule ya Kenya amelisikia jina lake darasani, na wachache sana wamefika ukurasa wa mwisho wa kitabu chake hata kimoja. Hao ndio wanachama wako.

Watu, siku na saa

Anza na watu 5 walioahidi kusoma, si 40 waliosema "niweke kwenye grupu". Idadi inayofanya kazi ni 8 hadi 15. Wakiwa chini ya 6, wawili wakikosa basi mkutano umevunjika. Wakizidi 18, nusu yao watakaa kimya mwaka mzima kisha waache kuja. Kundi likikua kupita hapo, ligawanyeni kwa mitaa, moja Eastlands na jingine upande wa Ngong Road kwa mfano, na mkutane pamoja mara mbili kwa mwaka.

Katika mwaliko taja wazi mambo matatu: Jumamosi moja kwa mwezi, kurasa 20 hadi 30 za kusoma nyumbani kati ya mkutano na mkutano, na mchango wa kila kikao. Ongeza kwamba hakuna mgao wa pesa. Nairobi ukisema "chama" mtu wa kwanza atauliza zamu yake ya kupokea ni lini.

Jumamosi ya pili au ya tatu ndiyo bora. Ile ya mwisho wa mwezi huliwa na mikutano ya vyama vya akiba, harusi na safari za ushago. Anzeni saa nane na nusu mchana na mmalize saa kumi na moja kamili. Asubuhi watu wako mazishini, kwenye ruracio (sherehe ya mahari) au wanafua. Mkipitisha saa kumi na moja, anayerudi Rongai au Ruiru ataanza kutazama dirishani kabla ya mazungumzo kukolea, hasa mvua ikinyesha. Mapumziko yaangukie karibu na saa kumi kasorobo, wakati wa swala ya alasiri, ili wanaosali wasilazimike kutoka katikati ya usomaji. Mwezi wa Ramadhani hamishieni kikao asubuhi, saa tatu hadi saa tano na nusu, na chai isiwepo.

Tarehe moja inawanasa wengi. Siku ya kuzaliwa kwa mwandishi ni tarehe 1 Januari, na kundi jipya hupenda kufungua mwaka siku hiyo hiyo. Msifanye hivyo. Ni sikukuu, mji ni mtupu na nusu ya wanachama bado wako nyumbani kwao mashambani. Sherehekeeni Jumamosi ya tatu ya Januari.

Mahali

Maktaba ni bora kuliko mkahawa. Mkahawani kuna muziki, mashine ya kahawa na mhudumu anayetaka kila kiti kilete pesa. Matawi ya Kaloleni na Makadara ya maktaba ya McMillan yalikarabatiwa na yanazoea shughuli za jamii, na wakazi wa Eastlands hufika bila kupitia katikati ya mji. Jengo kuu la McMillan pale Banda Street, lililofunguliwa 1931, ni zuri kwa siku kubwa, ila uliza kwanza kama liko wazi. Maktaba Kuu ya taifa kule Upper Hill nayo inafikika. Bustani za Jeevanjee na Arboretum zinafaa Januari na Februari, lakini usipange mkutano wa nje kati ya Machi na Mei, wala Oktoba hadi Desemba, bila kuwa na paa la akiba.

Barua kwa msimamizi wa maktaba iende wiki mbili kabla. Iseme idadi ya watu, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya viti, na kwamba mtasoma kwa sauti. Hili la mwisho husahaulika kila mara. Kundi linapewa meza nzuri katikati ya ukumbi wa kusomea, dakika ya tano mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani analalamika, na saa nzima inayofuata mnanong'ona. Omba chumba chenye mlango. Kama hakipo, omba veranda.

Vitabu: matoleo yasiyolingana

Tafuta nakala wiki 4 hadi 6 kabla ya mkutano wa kwanza wa kila kitabu. Maduka makubwa kama Text Book Centre na yale ya katikati ya mji huweza kuagiza, lakini nakala nyingi za sasa zinachapishwa Dar es Salaam, kwa mfano na kampuni ya Mkuki na Nyota, na shehena haiji kwa siku mbili. Wauzaji wa vitabu vya kuinama, yaani vya mkono wa pili vilivyotandazwa chini kando ya barabara mjini, huwa na matoleo ya zamani. Muachie muuzaji jina la kitabu na namba yako ya simu, kisha upite tena baada ya wiki. Kabla ya kulipa fungua katikati na mwisho wa kitabu: kinachokosekana mara nyingi ni kurasa 16 zinazofuatana, kwa sababu kitabu hushonwa kwa mafungu na fungu zima huanguka uzi ukikatika.

Hapo ndipo tatizo la matoleo linapozuka. Nakala ya zamani na ya sasa hazilingani kurasa, kwa hiyo agizo la "someni ukurasa wa 20 hadi 45" litawafanya watu wafike wamesoma vitu tofauti. Katibu aandike kazi ya nyumbani kwa mlango na maneno: mlango fulani, kuanzia sentensi inayoanza kwa maneno haya matano, mpaka ile inayoishia kwa haya. Inamchukua robo saa, na inaokoa mkutano mzima.

Kuhusu kutoa nakala kwa mashine: sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na kwa Shaaban Robert muda huo ulikwisha na mwaka 2012. Lakini dibaji, maelezo na michoro iliyoongezwa na wachapishaji wa sasa ina wenyewe. Kwa zoezi la kusoma, toeni nakala za kurasa 3 au 4 za matini yenyewe. Kitabu kizima mnunue, la sivyo mwaka wa tatu hamtakikuta dukani.

Mpangilio wa mwaka

Kosa la kawaida ni kuanza na Kusadikika kwa kuwa ndicho chenye jina. Anzeni na Adili na Nduguze. Kina mfalme Rai, kina majini, kina bahari, na kina ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa nyani na kuchapwa viboko kila usiku na ndugu yao aliyewapenda. Hadithi inakimbia, na msomaji ambaye hajashika kitabu cha Kiswahili tangu shule anavutwa mpaka mwisho kabla hajagundua kwamba sentensi zilikuwa ndefu.

Ratiba inayofaa ni hii. Januari, mkutano wa kufungua: dondoo kutoka Maisha Yangu, alimojieleza mwenyewe. Februari hadi Aprili, Adili na Nduguze. Mei hadi Agosti, Kusadikika. Septemba na Oktoba, Utubora Mkulima, kisa cha mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima. Nairobi hiki huzua ubishi kuliko vyote, kwa sababu kila kundi lina mtu mwenye ekari moja Kitengela na ndoto ya kuacha ofisi. Novemba, mashairi na Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Desemba hakuna mkutano. Kufikirika kiachwe mwaka wa pili, na Siku ya Watenzi Wote baada yake, maana hicho kina hotuba nyingi na kinahitaji wasomaji waliokwisha kuizoea sauti ya mwandishi.

Kusadikika kinastahili miezi minne ingawa ni chembamba. Kimejengwa kama kesi. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme, mshtaki wake ni waziri Majivuno, naye katika siku sita za kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Gawanyeni hivi: mkutano wa kwanza mashtaka na mjumbe wa kwanza, wa pili wajumbe wawili, wa tatu wawili, wa nne mjumbe wa sita na hukumu. Msisome wajumbe wanne kwa kikao kimoja. Safari zao zinafanana kwa umbo, na msomaji aliyechoka ataona marudio matupu, aseme kitabu kinachosha. Mkizisoma mbili mbili mtaanza kuona kila nchi iliyotembelewa inaisuta Kusadikika kwa jambo gani.

Saa mbili na nusu za mkutano

Saa nane na nusu hadi tisa kasorobo: kufika, kutafuta viti, kuandika majina. Saa tisa kasorobo kamili msomaji wa kwanza anaanza, hata kama mwenyekiti hajafika. Mkimsubiri mara moja tu, mwezi ujao wote watakuja saa tisa na nusu.

Dakika 35 ni za kusoma kwa sauti, na dakika 20 za maneno magumu. Kisha mapumziko ya dakika 20, dakika 45 za mazungumzo, na robo saa ya mwisho kwa hesabu na kazi ya mwezi ujao. Mkibanwa na muda, punguzeni mazungumzo. Usomaji usiguswe.

Kusoma kwa sauti

Wasomaji 3 au 4 wa zamu wapangiwe wiki moja kabla, kila mmoja kurasa 3 hivi. Kiswahili kikisomwa vizuri huenda maneno 110 hadi 130 kwa dakika, na ukurasa wenye maneno 300 huchukua karibu dakika mbili na nusu. Jipime nyumbani kwa saa ya simu. Ukimaliza ukurasa huo kwa dakika moja na nusu unasoma kama mtangazaji wa matokeo ya mpira, na wasikilizaji wamepotea tangu mstari wa tano.

Sentensi za Shaaban Robert hupenda kupanga mambo matatu au manne yanayofanana kwa mizani, kisha kufunga kwa neno zito. Msomaji asiyejiandaa huvuta pumzi mahali pabaya, na lile neno zito linaangukia kwenye mwanzo wa sentensi inayofuata. Dawa ni penseli. Soma kurasa zako mara mbili nyumbani. Mara ya kwanza weka mkwaju (/) mmoja mdogo mahali pa kupumua na miwili pa kusimama. Mara ya pili soma kwa sauti ukifuata mikwaju yako, na pale ulimi unapojikwaa sogeza alama neno moja nyuma. Usitumie kalamu ya wino kwenye kitabu cha chama.

Msimamieni msomaji wa zamu asome akiwa amesimama. Aliyeketi huinamisha kichwa kwenye kitabu na sauti inaishia mapajani.

Ugomvi mmoja huzuka karibu kila kundi la Nairobi. Kuna mwanachama mmoja au wawili kutoka Mombasa, Lamu au Tanga ambao Kiswahili chao kinateleza, na polepole usomaji wote unawaangukia wao. Wengine wanajiona wana lafudhi ya bara, wanageuka wasikilizaji. Zamu iwe ya wote kwa orodha ya majina, bila kubadilishana. Na marufuku kumsahihisha msomaji katikati. Mwenye kamusi, yaani mwanachama aliyepewa kazi ya maneno, aandike alichosikia, aseme baadaye, tena mara moja tu. Anayesoma "dhuluma" kama "duluma" na anajua anachosoma ana manufaa zaidi kwa chama kuliko fundi wa matamshi anayewanyamazisha wenzake.

Kwa Kusadikika, panga viti kama baraza: kiti kimoja mbele cha mfalme, cha Majivuno kuumeni kwake, Karama asimame peke yake katikati, na msimulizi akae kando. Sehemu kubwa ni masimulizi, kwa hiyo msimulizi na Karama wagawiwe watu wawili wawili wanaopokezana, la sivyo sauti zitakauka. Majivuno apewe mtu mpole. Akipewa mchekeshaji wa kundi, watu watacheka, na hatari ya mashtaka yale haitasikika.

Maneno

Mwenye kamusi achague maneno yasiyozidi 8 kabla ya mkutano. Utaratibu: someni tena sentensi, wanachama wawili wabahatishe maana kwa kufuata muktadha, ndipo kamusi ifunguliwe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI na Kamusi Kuu ya BAKITA zinatosha kwa mengi. Kwa maneno yaliyokuwa hai miaka ya 1940 na sasa yamefifia, kamusi ya Johnson ya 1939 husaidia zaidi kwa sababu ni ya zama za mwandishi mwenyewe. Ikiwa neno halimo popote, liandikwe kwenye daftari na alama ya kuuliza, na mwendelee. Chama kinachotumia dakika 40 kubishania neno moja huwa kina walimu wengi mno.

Mazungumzo

Tabia ngumu zaidi kuiondoa ni ya mtihani. Mkenya akiulizwa juu ya kitabu cha Kiswahili, mkono unaandika wenyewe: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, toa mifano mitano. Mwezeshaji akiuliza "Maudhui ya sura hii ni yapi?" atapata orodha na kimya. Aulize jambo ambalo jibu lake linahitaji kurudi kwenye ukurasa. Kwa nini Karama anajitetea kwa habari za watu wengine badala ya kujizungumzia? Ni nani katika baraza lile alinufaika wajumbe walipofungwa? Adili anapowachapa wale nyani, ni adhabu ya nani hasa? Maswali 3 yanatosha kwa dakika 45. Ukiandaa 10 utayakimbilia yote.

Majina ya wahusika ni mtego mwingine. Hasidi ni hasidi, Majivuno ana majivuno, na msomaji wa leo huona kila kitu kimeshasemwa kwenye jina. Mpeni mtu mmoja kazi ya kutafuta mahali ambapo mhusika anatenda kinyume cha jina lake, au ambapo jina linamficha. Mara nyingi atarudi na mawili au matatu, na hapo ndipo kikao huchangamka.

Siasa za leo zitaingia tu. Kitabu kinachohusu mtu aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria hakiwezi kusomwa Nairobi bila mtu kutaja gazeti la asubuhi. Msizuie. Wekeni sharti: anayefananisha na ya leo asome kwanza mstari wa kitabu unaomfanya afananishe. Sharti hilo huondoa hotuba tisa kati ya kumi, na ile ya kumi huwa na maana. Mwenye saa ampe kila mtu dakika 2, agonge meza, amgeukie aliye kimya.

Mkutano wa mashairi

Novemba leteni sauti. Kwa utenzi, wakumbusheni wanachama kanuni: vipande vinne katika ubeti, mizani (silabi) 8 kila kipande, vitatu vya mwanzo vikifuata kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachorudi ubeti hata ubeti. Shairi la tarbia lina mishororo minne ya mizani 16, iliyokatwa 8 na 8. Halafu ghanini. Beti 6 zinatosha kwa mtu mmoja. Asiyejua mahadhi afuate mapigo kwa kugonga kidole mezani, silabi moja pigo moja. Kipande chenye mizani 9 kitajitokeza chenyewe kwa kubaki nje ya pigo.

Siku hiyo hiyo chezeni rekodi ya Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akasafiri hadi Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 kurekodi santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Rekodi hizo ni za zamani na zina mkwaruzo. Spika ya simu haitoshi, beba spika ndogo na ujaribu kabla ya watu kuingia.

Zoezi la kufunga: kila mmoja aandike ubeti mmoja wa kumjibu mwenzake aliyeketi kushoto. Toa dakika 15. Atakayesema hawezi apewe kipande cha mwisho tayari, atafute vitatu vya mwanzo tu.

Siku ya wazi

Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na kila chama hutamani kujionyesha. Nairobi tarehe hiyo ni Saba Saba pia, siku ya maandamano ya kisiasa. Kuna miaka barabara za kuingia katikati ya mji hufungwa na matatu hazifanyi kazi. Fanyeni shughuli yenu Jumamosi iliyotangulia, mtaani, si mjini. Kaloleni au Makadara patawafaa, na watoto wa hapo watakuja kwa miguu. Kwa watoto someni Adili na Nduguze kwa dakika 20, si zaidi, na mkome pale nyani wanapoletwa mbele ya mfalme. Wekeni nakala 2 kwenye rafu ya maktaba kabla ya siku hiyo, maana mtoto atakayetaka kujua mwisho ataitafuta jioni hiyo hiyo.

Pesa na karatasi

Mchango wa shilingi 200 kwa kikao unatosha. Watu 12 ni 2,400: takriban 900 za chai na mandazi, 300 za nakala, na 1,200 akiba ya vitabu. Chai ya watu hao, vikombe viwili kila mmoja, ni lita 5: lita mbili na nusu za maziwa, maji kiasi hicho hicho, na vijiko 5 vya mezani vya majani. Sukari iwekwe kando. Mandazi 24. Chai isiingie chumba cha vitabu hata kama msimamizi hasemi kitu.

Usikusanye pesa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja bila wa pili kuona ujumbe wa kila malipo. Mhazini asome hesabu kwa sauti kila mwezi, hata kama ni sentensi mbili. Usajili si lazima mwanzoni. Mkifika wanachama 10 au zaidi na mnataka akaunti ya benki au ukumbi wa serikali, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ndipo pa kuanzia, nanyi mbebe katiba fupi, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho.

Safari ya Tanga

Isifanywe kabla ya mwaka wa pili. Njia nyepesi ni Nairobi hadi Mombasa kwa treni, kulala, kisha barabara ya Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga. Tengeni siku 4, kwa kuwa mpakani huweza kula nusu siku. Kila mtu awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Mtu mmoja asiye na kadi huwachelewesha wote.

Mkitaka kufika Vibambani, anzeni kwa viongozi wa kijiji, mjitambulishe, muulize ni wazee gani mnapaswa kuwasalimu kwanza. Wajulisheni kabla ya kusafiri. Vaeni kwa heshima, kina mama wabebe mitandio. Simu zikae mfukoni mpaka mwenyeji aseme picha zinaruhusiwa. Zawadi inayofaa ni vitabu vya shule ya hapo, sio fulana zenye jina la chama chenu.

Kukabidhi

Katibu asikae zaidi ya miaka miwili. Anapoondoka akabidhi sanduku moja: vitabu vya chama vikiwa na namba ndani ya jalada, daftari la maneno, orodha ya zamu za kusoma, hesabu, barua za maktaba na namba ya msimamizi. Kabla ya kutia saini, katibu mpya ahesabu vitabu mwenyewe na kuandika nani amebaki na nakala ipi. Nakala za zamani ndizo huwa zimetoka, na anayekaa nazo huwa ni mwanachama anayependwa na wote, kwa hiyo barua ya kumkumbusha iandikwe kwa jina la chama, si la katibu.